Unene wa Unywele

Hapo zamani, na si zamani ya mazimwi maana umeme ulikuwepo, kiwanda kimoja cha katani kilikuwa na karakana. Humo Shekue alikereza chuma, Mzee Mbelwa alikisugua, Zuhura alikipima.

Asubuhi moja pampu ya maji ya hospitali ikavunjika shafti, ule mti wa chuma unaoizungusha. Bila maji daktari hapasui mtu. Na aliyekuwa kitandani akisubiri kupasuliwa, mtoto amekwama tumboni, ni Sauda, binti wa Shekue mwenyewe.

Kazi ikaletwa karakanani, na chuma cha kufaa kilibaki kipande kimoja. Chuma si unga wa ugali, eti ukipungua unaongeza.

Shekue akakereza huku jasho likimwingia machoni. Akapima kwa kipimo chake cha mkono: sawasawa. Lakini bosi alikuwa amenunua mashine ya leza, inayopima kwa mwanga bila kugusa, na alishasema hakitoki kitu mpaka leza ikubali.

Zuhura aliijua leza yake. Chuma kikimeremeta sana, mwanga unaruka ovyo na mashine inasema uongo. Kwa hiyo akakinyunyizia vumbi la chaki, kidogo tu, kama poda ya mtoto. Mara simu ikalia ofisini. Hospitali wanauliza, bado? Akakimbia kujibu.

Huku nyuma akapita Mzee Mbelwa. Desturi ya karakana ile, miaka thelathini, chuma hakitoki mpaka ujionee meno yako ndani yake. Akaona vumbi. Akasonya, akalifuta, akasugua mpaka kikawaka. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za chaki. Mzee wa kusugua nani amweleze?

Zuhura akarudi mbio. Akatazama namba, chuma chenyewe hakukitazama. Leza ikasema kimezidi, kwa unene wa unywele.

"Punguza, fundi," akasema Zuhura.

"Mimi nimekishika. Hiyo yako imekitazama tu."

"Basi kaa ubishane nayo. Sauda anasubiri."

Shekue akapunguza.

Shafti ikafungwa, ikacheza kama jino bovu. Pampu ikatetemeka, ikatapika ndoo mbili, ikanyamaza. Watu wakabeba maji vichwani kutoka mtoni, na mpaka yafike, yachemke, jua limeshapinduka. Sauda alipona. Mtoto hakulia.

Aliporudishwa nyumbani kwa baba yake, Sauda akatuma neno mlangoni: "Mwenye kosa asikanyage humu. Wengine waingie wanipe pole."

Wakasimama uani, watatu, hakuna anayevua viatu.

Zuhura akasema yeye alipaka chaki kama inavyotakiwa, na hakuifuta yeye.

Mzee Mbelwa akasema, "Miaka thelathini nafuta uchafu mnanisifu. Nani aliniambia kwamba leo uchafu ni dawa? Wewe mjukuu wangu, una macho. Hukuona chuma kinang'aa?"

Kisha wote wawili wakamgeukia Shekue, maana kisu cha kukerezea kilikuwa mkononi mwake.

"Vidole vyangu vilijua," akasema Shekue. "Nilikata kwa kuwa kubishana kungemchelewesha mwanangu."

Nyumba ni yake, mlango ni wake, na bado alikuwa amesimama nje.

Sasa nyie mnaonikodolea macho, msiniambie eti wote watatu. Hilo ni jibu la wavivu. Sauda yuko ndani, anasikiliza nyayo. Je, nani alistahili kubaki uani?