Mbeleko ya Bibi Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo, kabla bibi za bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji cha watengeneza ngozi kando ya mto. Humo alikaa Sikujua, mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza tumboni. Alikuwa na hamu moja tu: mtoto wake abebwe kwenye mbeleko ya ngozi iliyotoka mikononi mwa bibi yake, Bibi Somoe. Yeye mwenyewe alibebwa hivyo. Mama yake alibebwa hivyo. Kijiji kizima kililala mgongoni kwenye ngozi za Bibi Somoe.

Bibi alifanya kazi polepole. Ngozi ya ndama aliiloweka kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakalegea. Akaikwangua, kwaru, kwaru. Akaizamisha kwenye shimo la maji ya magome ya mgunga, maji mekundu kama udongo wa kichuguu. Ikiiva, huikanda kwa mafuta ya nyonyo. Na gome alilibandua upande mmoja tu wa mti, wakati wa mvua, linapoachia lenyewe.

"Bibi, kwa nini usibandue mti mzima?" Sikujua aliuliza.

"We mtoto! Nikitaka kitambaa cha kufutia mikono, nikuvue nguo zote?"

Na palikuwa na desturi. Maji machafu ya shimo hayakwenda mtoni. Kila mtengeneza ngozi aliyamwaga kwenye mgomba wake, na siku ya mavuno alikula ndizi zake mwenyewe, mbele ya watu wote. Asiyekula, ngozi yake haivaliwi.

Basi akaja mgeni na magunia ya unga wa kijani. "Leo ngozi mbichi, kesho kiatu!" Watu wakashangilia. Jumbe Chanzi, mkuu wa kijiji, alishangilia kuliko wote. Mashimo yakawa ya kijani, kijani, kijani. Isipokuwa la Bibi Somoe.

Migomba ikanyauka. Nani alisema neno? Hakuna! Wote wenye midomo mipana ghafla waliona kitu cha kutazama chini.

"Acheni kumwaga kwenye migomba," Jumbe akaamuru. "Mwageni mtoni. Mto ni mkubwa."

Chururu, chururu. Samaki wakaelea, matumbo juu. Vitoto vichanga, mnavijua vinavyonyonya ukingo wa mbeleko, na sasa mbeleko ni za kijani, vikatoka vidonda midomoni.

Siku ya mavuno Jumbe akasimama uwanjani. "Mwaka huu desturi ya ndizi tumeifuta. Mambo ya kizamani."

Bibi Somoe akaja na mkungu wake kichwani. Akaketi katikati ya uwanja. Akamenya. Akala. Hana jino hata moja, anamumunya, mumunya, mumunya, na kijiji kizima kinamngoja kizee amalize ndizi.

"Bibi, unatuchelewesha," Jumbe akasema.

"Nivumilie baba, sina meno. Wewe unayo. Lete za kwako tule."

"Mgomba wangu umekauka. Jua hili!"

"Kwani jua lako na langu ni mawili?"

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akafoka: "Nimesema mto ni mkubwa!"

"Ni mkubwa, baba. Na mdomo wa mjukuu wako je?"

Kicheko kikakatika. Mke wa mwanawe Jumbe alikuwa pale, mtoto mgongoni. Akamshusha mtoto, akaifungua mbeleko yake ya kijani, akaitupa miguuni pa baba mkwe. Pa! Mwanamke mwingine akafungua yake. Pa! Na mwingine. Pa! Jioni ile mgeni alibebeshwa magunia yake, akaonyeshwa njia.

Mnadhani imekwisha? Ingekwisha hapo ningefurahi. Bibi Somoe alifariki kiangazi cha mwaka ule ule, na ngozi ya mbeleko ya Sikujua ingali shimoni, haijaiva.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Magome yamekwisha, mvua haionekani. Sikujua akawa anakwenda shimoni kuitazama tu ile ngozi. Ndicho kitu cha mwisho Bibi alichokigusa. Alitaka kuishika sasa, si mwakani.

Jumbe akamjia na kifuko. "Mwanangu, nilibakiza kidogo. Tia kiganja kimoja tu, kesho unambeba. Nani atajua?"

Mikono ilimuuma kwa kumpakata mtoto. Moyo ulimuuma zaidi. Akanyoosha mkono, akakipokea kifuko. Na mtoto pale mapajani, kama watoto walivyo, akakivuta, akapeleka pindo lake mdomoni.

Sikujua akakinyakua. Akamrudishia mwenyewe.

"Umeuliza nani atajua, baba. Huyu."

Akangoja. Akambeba mtoto mikononi, kiunoni, begani. Mvua ikaja, akabandua gome upande mmoja tu. Akaloweka. Akangoja tena, misimu mingine miwili. Akakanda kwa mafuta ya nyonyo, kanda, kanda, mpaka viganja vikang'aa. Na siku ngozi ilipokuwa tayari, laini kama shavu, mtoto alikuwa uani anakimbiza kuku. Habebeki tena.

Sikujua akaitia mbeleko puani. Majivu, mgunga, nyonyo: Bibi mzimamzima. Akaifunga mgongoni, tupu, fundo kifuani. Akatembea nayo kando ya mto, polepole, akijitikisa kama wajitikisavyo wenye watoto.

"Mama, unambeba nani?" mtoto akauliza, anamfuata nyuma.

"Nambeba Bibi."

"Mbona simwoni?"

Sikujua akachuchumaa. "Njoo unuse."

Basi jamani, kitu kitakachofika mdomoni mwa mtoto kinastahili kungojwa, hata kama kungoja kunauma. Na atakayewaambia mto ni mkubwa, muulizeni yeye anateka maji wapi.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka, aibebe.