Kombora Lisilochoka

Hapo zamani, nayo si ya mbali kwa kuwa kompyuta zilikwishafika, palikuwa na ukumbi wa michezo ya kompyuta mjini Korogwe, na mchezo ulioujaza ukumbi huo ulikuwa wa ndege za kivita. Aliutunga fundi mmoja aitwaye Lukindo, mwajiriwa wa Bwana Mhina mwenye ukumbi. Unashika usukani, unamtafuta adui kwenye kioo, unafyatua kombora. Na kombora la Lukindo halikuwa na masihara. Ukipanda juu, linakuja. Ukishuka chini, linakuja. Ukigeuka na kugeuka tena, linakuja tu.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa Kidawa, mshonaji wa sare za shule. Mbinu yake ilikuwa moja: anafyatua mapema, kutoka mbali, kisha anageuza ndege na kurudi zake. Huko nyuma mtu analipuka. Kikombe alikuwa nacho, na jina alikuwa nalo.

Pale ukumbini alizoea kuja Mzee Shedafa, rubani mstaafu wa ndege za kivita za kweli. Alikuwa akikaa, anakunywa kahawa, anatazama, anaondoka. Siku moja Kidawa alimwamkia, kisha akamuuliza mbona hachezi.

"Siwezi kucheza uongo," alisema mzee.

Neno hilo lilimchoma Kidawa. "Uongo gani, mzee wangu?"

"Mwanangu, kombora si jini. Moto unaolisukuma huwaka muda mfupi tu, ukazima. Baada ya hapo linakwenda kwa kasi iliyobaki, kama jiwe lililorushwa. Likikata kona, kasi inapungua. Likishuka kwenye hewa nzito ya chini, inapungua zaidi. Mimi nimewahi kufuatwa na moja. Nilishuka mpaka nikawaona mbuzi wakitawanyika, nikakata kushoto, nikakata kulia, nikilichosha. Likaanguka nyuma yangu porini. Kwa mchezo wenu huu, mimi ni marehemu."

Kidawa alirudi kwenye cherehani yake, lakini mshono haukunyooka. Kile kikombe alikipata kwa ujuzi gani, basi? Kesho yake akamshika mzee mkono, akampeleka kwa Lukindo.

Lukindo alisikiliza, akakasirika, kisha akaanza kuandika programu upya. Mzee alikaa ubavuni kwake. "Bado," alikuwa akisema. "Hilo lina pumzi nyingi mno." Lukindo akafuta, akaandika tena. Zilipita wiki. Hatimaye mzee akalikwepa kombora jipya kwenye kioo, akavua miwani, akasema, "Hilo ndilo."

Bwana Mhina hakufurahi. "Wateja wanataka mlipuko," alisema. "Kombora linalokosa nitamuuzia nani? Rudisha lile la zamani."

"Sirudishi," alisema Lukindo. Akafukuzwa kazi. Alitoka na kompyuta yake kwapani, na kombora jipya likiwa ndani yake.

Ikafika siku ya fainali. Mpinzani wa Kidawa alikuwa Mwakalinga, aliyetoka Dodoma na sifa zake. Mbele kabisa aliketi Mama Kisanga, mkuu wa chuo cha marubani, aliyekuwa akitafuta mtu wa kusimamia chumba chao kipya cha mazoezi ya urubani kwa kompyuta. Nyuma walisimama Mzee Shedafa na Lukindo, kompyuta ikiwa kwapani. Kwa kanuni, bingwa ndiye aliyechagua kombora la kutumika.

Bwana Mhina akamwinamia Kidawa. "Dada, chagua la zamani, kikombe hakitoki kwako. Usijitie kitanzi mwenyewe."

Kidawa akasimama ili wote wamsikie. "Nilishinda kwa uongo. Leo nikishindwa, nishindwe kwa ukweli. Lukindo, njoo uweke la kwako."

Watu wakamzomea. Yeye akaketi, akashika usukani.

Mwakalinga alifyatua mapema, kutoka mbali, kama Kidawa mwenyewe alivyozoea. Kidawa akainamisha ndege, akashuka hadi juu ya mashamba. Akakata kushoto. Kombora likakata. Akakata kulia. Kombora likakata, lakini safari hii kwa uzito. Akakata tena, na likadondoka kama embe bovu. Mwakalinga akafyatua la pili, nalo likachoshwa vilevile. Kidawa akamsogelea, akamsogelea, mpaka pakakosekana nafasi ya kukimbia, ndipo akafyatua la kwake, na ndege ya Mwakalinga ikalipuka.

Mama Kisanga akanyanyuka. "Mtu anayejua hivi ndiye ninayemtaka. Lakini nafasi niliyo nayo ni moja."

"Basi ni yangu," alisema Mzee Shedafa. "Ujuzi huu niliununua kwa roho yangu. Nisingefuatwa na lile kombora, hawa wangejua nini?"

"Hadithi haiendeshi mashine, mzee," alisema Lukindo. "Niliyeiandika programu ni mimi, na niliyefukuzwa kazi kwa ajili yake ni mimi."

Kidawa hakuinamisha kichwa. "Mzee wangu, nakuheshimu, lakini ulikaa hapa ukinywa kahawa na ukweli wako kifuani mpaka nilipokuuliza. Nawe Lukindo, huo uongo ni nani aliyeutunga kwanza? Leo ningeanguka mimi, watu wangesema ukweli wenu ni upuuzi, na kombora lenu lingefutwa. Nimeweka jina langu rehani, peke yangu, nikizomewa."

"Jina lililojengwa kwa kombora la uongo," alisema mzee.

"Ndiyo," alisema Kidawa. "Na nililibomoa mwenyewe, mbele ya watu."

Mama Kisanga akawatazama, akachukua mkoba wake. "Nitarudi Jumatatu. Mniletee jina moja mlilokubaliana. Mkishindwa, nitamchukua mtu kutoka kwingine."

Jumatatu ikafika, na hakuna kati yao aliyekubali kurudi nyuma hata hatua.

Nanyi mliosikiliza, msinitazame mimi. Aliyelijua kombora, aliyeliandika, na aliyelichagua akizomewa: kiti ni kimoja. Je, nani astahiliye kukikalia?