Mgomba Nyuma ya Stoo ya Saruji

"Ukiona mgomba wa kwenu ugenini, uulize kabla hujaukata." Ndivyo bibi yenu Ndeshi alivyomjibu Ndelilio asubuhi hii, mlipokuwa mkimenya ndizi za mtori, naye akijisifu kwamba huko wakala anakompeleka kila kitu cha Krismasi kinapatikana. Mkacheka. Manka ndiye aliyeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Endeleeni kumenya, ila masikio nipeni mimi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mama mmoja papa hapa mlimani, Aikande, mwenye wana wawili. Mkubwa, Eliufoo, alikuwa na tabia iliyomkera mama yake: akimaliza kula hufunika bakuli, mdomo chini. "Unamfungia nani mlango?" mama alimuuliza kila siku. Naye alicheka, akafunika.

Eliufoo alichukuliwa na wakala kwenda nchi ya jangwa kujenga majumba. Mama alimfungia kwenye gunia dogo chipukizi la mgomba wa mshare, pamoja na udongo wa kihamba, shamba letu la ukoo, na kijiti cha mmea wa sale. Mshare ili apate mtori wa Krismasi. Sale ili arudi kwa amani. Kwa muda alipiga simu. Kisha kimya. Kampuni ilipoulizwa ilijibu neno moja: alitoroka.

Neno hilo lishikeni. Babu zetu walibebeshwa mizigo katika vita vya Wazungu, wakafia porini, na wake zao wakaambiwa hivyo hivyo, wametoroka. Ni neno jepesi kwa anayelisema. Halichimbi kaburi, wala halimtazami mama usoni.

Aikande hakulikubali. Kila Krismasi alitenga fungu la nyama la Eliufoo, na yeye mwenyewe hakuonja kitu. "Sili karamu na mwanangu sijui kama ana njaa," alisema. Akakonda. Mwishowe yule mdogo, Anaeli, akaenda kwa wakala yule yule, kwa kampuni ile ile. Alimwambia mama, "Kama yu hai nitamleta. Kama hayupo, nitakuletea mahali pa kumlilia."

Kambini aliuliza kila mtu. Watu walitazama viatu vyao. Sifaeli wa Machame, fundi nondo aliyekaa pale miaka mingi, alimwambia tu, "Mdogo wangu, hapa watu hawaulizi kwa sauti."

Desemba ikafika. Anaeli akawaza: mtu akila cha kwao, mdomo hulegea. Nitapika mtori. Akaenda kutafuta vitu. Mifupa ya mbuzi aliipata kwa muuza nyama mmoja mgeni kama yeye. Vitunguu vilikuwepo, maziwa yalikuwa ya unga. Ndizi ndizo zilizomtesa. Kila duka lilikuwa na ndizi za njano za kula mbivu, laini, na mtori wa ndizi hizo ni uji wa mgonjwa. Akarudi mikono mitupu, akikatiza nyuma ya stoo ya saruji, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipita.

Hapo akauona. Mgomba wa mshare, mnene, umesimama katikati ya mchanga mkavu, na mkungu uliokomaa. Kando yake sale zimechipua. Hapakuwa na bomba wala mfereji. Hapakuwa na upepo pia, lakini majani yalikuwa yakipigana taratibu, kama mtu anayejipepea.

Akapiga hodi. Aliona sale, akajua kuna Mchaga mwenzake aliyeweka mpaka wake. Akapiga hodi tena, kimya, akakata mkungu. Utomvu ukamrukia shati. Kwanza ulikuwa maji, kisha ukageuka mwekundu wa kutu, na alipousugua ukazidi kuenea.

Alipoinjika sufuria, harufu iliyotoka haikuwa ya mtori tu. Ilikuwa ya moshi wa jiko la mama yake na maziwa ya kibuyu, vitu ambavyo havikuwemo. Watu wa mataifa mengine walitoka vyumbani mwao mmoja mmoja, wakasimama uani bila kusemezana. Na ndizi haziivi. Maji yanatokota, adhuhuri inapita, ukichoma kisu ni ngumu kama zilipomenywa. Maji nayo hayapungui.

Sifaeli akaja. Akayaona maganda, kisha lile shati.

"Ndizi umetoa wapi?"

"Nyuma ya stoo, kaka. Kuna mtu kapanda mshare, kauwekea sale. Nilipiga hodi hakuitika. Akija nitampa bakuli lake."

Sifaeli akavua kofia. "Kwetu sale huwekwa wapi?"

"Mpakani."

"Na wapi tena?"

Nyie nyote mnajua: sale inaonyesha mpaka, na inaonyesha alipolala mtu. Tunazika kihambani, kwenye migomba. Njaa ya nyumbani ilimkumbusha Anaeli nusu moja tu.

"Ni nani, kaka?"

"Unamjua. Jukwaa la ujenzi lilimwangukia. Tukaamriwa tumfukie, na atakayesema atalala naye. Vitu vyake walichukua vyote, isipokuwa kigunia cha udongo, walikiona takataka. Nikamwekea kifuani. Hakuna aliyeumwagilia mgomba ule, Anaeli. Na mvua hapa hainyeshi."

"Na wewe ukanitazama mwaka mzima."

"Nilikutazama. Nina watoto." Akachukua bakuli, akateka mchuzi na zile ndizi ngumu. "Mpelekee. Wa kwanza ni wa mwenye shamba."

Anaeli akapeleka bakuli, akaliweka chini ya mgomba, akaondoka bila kugeuka. Aliporudi jikoni ndizi zilikuwa zimelainika, zimepondeka bila mwiko. Akazunguka tena nyuma ya stoo. Majani yalikuwa yametulia. Mchangani palikuwa na nyayo zake mwenyewe tu. Bakuli lilikuwa jeupe, safi, na limefunikwa, mdomo chini.

Akalichukua mpaka kwa msimamizi wa kampuni. "Kaka yangu amekula," akamwambia. "Sasa anataka kwenda kwao."

"Kaka yako alitoroka."

"Basi hakufika mbali. Yuko nyuma ya stoo yako."

Msimamizi akacheka, akawaita walinzi. Lakini wale watu waliosimama uani walikuwa wamekwisha kuuzunguka mgomba, wamekaa chini. Hata Sifaeli alikaa. Walitishwa, wakanyimwa maji, na hakuna aliyepanda jukwaani mpaka kampuni ilipoleta majembe yenyewe. Waliochimba walisimulia kwamba mizizi ilikuwa imemzunguka Eliufoo kifuani na mgongoni, kama mbeleko.

Alirudi mlimani, akazikwa kihambani. Krismasi iliyofuata Aikande alikula, mpaka bakuli likawa jeupe.

Kwa hiyo nenda, Ndelilio, sikuzuii. Kuna majumba marefu huko yanayong'aa, na utakuta vya kwetu vimeota mahali usipotegemea. Usifurahi haraka. Aliyevipeleka alikuwa na mama. Ukiona mgomba wa kwenu ugenini, uulize kabla hujaukata.