Klabu Hii Ni Yenu, Alisema Dubu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Hizo ni sauti za watu walioshiba au wanaosubiri kushiba? Paukwa!
— Pakawaaa!
— Pakawa na nini?
— Sema wewe mwenye mdomo!
— Pakawa na klabu isiyo na mpira, na mpira usio na klabu. Na mimi nilikuwapo, nimekaa dirishani, nimevaa soksi tatu kila mguu.

Basi tulieni. Hadithi hii si ya hapa kwetu. Ni ya Kanada, nilikokwenda kumlea mjukuu, nikakaa miezi minane sijui nimekosa nini. Mji wenyewe siutaji, maana wenyewe wana mawakili wengi kuliko miti. Anayetaka kunibishia anyanyuke sasa hivi aende zake. Hakuna? Haya.

Katika mji huo palikuwa na kiwanja kando ya mto. Kila alasiri wanyama wadogo walicheza mpira hapo, mpira wa majani makavu uliofungwa kwa kamba. Bata Bukini walicheza. Sungura walicheza. Nungunungu naye alicheza, ila akipiga kichwa mpira unanasa kwenye miiba, mchezo unasimama, watu wanaanza kuuchomoa. Hakuna aliyelipa wala aliyelipwa, na walifurahi mno.

Kwenye kona ya kiwanja ulisimama mwaloni, mti mkubwa, mnene. Ndani yake aliishi Bi Kindi, mjane, na watoto wake watano. Kindi si mnamjua? Yule mdogo, mkia mrefu kuliko haja. Tangu jua la kiangazi alikuwa akipanda na kushuka, kwati-kwati-kwati, akijaza kokwa kwenye tundu la mti. Huko theluji ikianguka inaanguka kweli, miezi mitano hupati hata jani la kutafuna. Asiye na akiba haoni masika, theluji inapoyeyuka. Na akiba yote ya Bi Kindi ilikuwa mle mtini.

Sasa, mjini humo palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Dubu. Dubu alikuwa na mto. Ndiyo, mto mzima, pamoja na samaki wake. Alikuwa na mizinga yote ya asali. Alikuwa na tumbo la kuviweka vyote hivyo. Lakini hakuwa na klabu ya mpira, na alikuwa amesikia kwamba miji mingine matajiri wana klabu, na watu huwaimba majina. Jambo hilo likamkosesha usingizi, na dubu kukosa usingizi si mchezo.

Akamwita Mbweha, msemaji wake.

"Mbweha, nataka klabu."

"Umeshaipata, mzee."

"Klabu inahitaji nini?"

"Nembo, skafu, na wimbo."

"Na wachezaji?"

"Hao baadaye, mzee. Wachezaji wanakula."

Siku ya pili Mbweha akaitisha mkutano kiwanjani. Akapanda juu ya kreti, akakohoa, kho, kho.

"Ndugu wananchi! Mji wetu umepata klabu! Na jina mtachagua nyinyi wenyewe!"

Bata Bukini akasema, "Iitwe Mabawa!"

"Tumekusikia!"

Nungunungu akasema, "Iitwe Miiba!"

"Tumekusikia!"

Sungura akasema, "Iitwe Mbio!"

"Tumekusikia! Na baada ya kuwasikia nyote, klabu itaitwa Dubu Yunaitedi!"

Yunaitedi na nani, mimi sijui. Dubu alikuwa mmoja tu.

Wakafunua nembo: uso wa Dubu. Wakafunua skafu: uso wa Dubu. Wakaimba wimbo: jina la Dubu mara kumi na mbili, na mwisho "oyee". Bi Kindi akanyoosha mkia kuomba ruhusa ya kuuliza.

"Wachezaji wako wapi?"

"Wanakuja," akasema Mbweha.

"Kocha je?"

"Anakuja."

"Na mpira?"

"Unakuja."

"Na kiingilio?"

"Aa, kiingilio kimeshafika! Kila familia kapu moja la akiba ya majira ya baridi. Ukileta mapema utaitwa mwanachama mwasisi!"

Bwana Dubu akampokonya kipaza sauti. "Tena nina habari njema! Ule mwaloni pale konani tutaukata. Hapo patakaa jukwaa langu na kiti changu. Utakatwa siku ya uzinduzi, mbele yenu, iwe burudani!"

Kazi hiyo alipewa Biva. Biva ni mnyama wa mtoni huko kwao, mkia bapa, na meno ya mbele ni msumeno mtupu. Mti ambao wewe utaukata siku nzima kwa shoka, yeye kabla ya chai ya saa nne ameshaulaza.

Bi Kindi akaanza kuhesabu siku. Siku ya uzinduzi ilikuwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano. Ardhi imeanza kuganda. Kokwa zile angezihamishia wapi, kwa mdomo, moja moja, siku mbili? Aliwatazama watoto wake watano wanavyorukaruka hawana habari, akaogopa, akalia. Naam, alilia. Mjanja pia hulia, msije mkadhani ujanja unazuia machozi.

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Dubu. Akamkuta anakula samaki, nyam, nyam, nyam.

"Hodi, Bwana Dubu."

"Karibu, karibu Bi Kindi! Karibu samaki!" Akasema karibu, huku sinia amelifunika kwa mkono.

"Bwana Dubu, ule mti ni nyumba yangu. Mna chakula cha wanangu. Nakuomba, nakushika miguu, weka kiti chako mahali pengine."

Dubu akacheka. Akampigapiga kichwani, pu, pu, nusura amzamishe sakafuni.

"Sasa unalia nini, mama? Klabu ni yako! Uwanja ni wako! Jisikie uko kwenu!"

"Ni yangu?"

"Ni yako!"

"Na mti?"

"Mti utakatwa. Lakini utakatwa kwenye uwanja wako!"

Hapo ndipo machozi ya Bi Kindi yalipokauka. Alikumbuka jambo, nami inanibidi niwaeleze, maana hamtoki Kanada nyinyi.

Mji ule ulikuwa na hakimu, Mzee Bundi. Kesi zake husikilizwa wakati wa theluji, wanyama wakiwa hawana kazi. Na sheria yake ya kwanza, inayojulikana hata na mtoto wa panya, ni hii: ukisema kitu ni cha mwenzio mara tatu, mbele ya Bundi, basi kimekwenda, hakirudi. Wote waliijua sheria hiyo, isipokuwa mmoja. Theluji ikianguka Dubu hulala, khorrr, khorrr, mpaka masika. Tangu azaliwe hajasikiliza kesi hata moja.

Bi Kindi akajifuta macho kwa mkia.

"Bwana Dubu, maneno matamu hayo, mbona unanipa mimi peke yangu? Wenzangu huko nje wananung'unika. Wanasema klabu ni ya Dubu peke yake, makapu hawaleti."

Dubu akaacha kutafuna. "Hawaleti?"

"Hawaleti. Lakini wakikusikia mwenyewe, kwa sauti hiyo yako nzito, na Mzee Bundi amekaa mbele kama mgeni rasmi, mbona wataleta mawili mawili!"

"Mawili!"

"Mawili, Bwana Dubu. Na jina lako wataliimba."

Mate yakamtoka Dubu. Akamwagiza Mbweha ampelekee Bundi kadi ya mwaliko, yenye nembo.

Ijumaa ikafika. Ngoma tindi-tindi-tindi! Bukini ngwaa-ngwaa-ngwaa! Makapu yamepangwa langoni. Mzee Bundi amekaa kiti cha mbele, skafu shingoni, macho amefumba kama kawaida yake mchana. Biva yuko kwenye mwaloni, anasubiri ishara. Watoto wa Bi Kindi wako juu, kwenye tawi la mwisho, mama yao amewaambia wasishuke hata iweje.

Dubu akapanda juu ya ile kreti. Mbweha akatoa ishara, Biva akaanza: kere-kere-kere. Vumbi la mti likaruka. Bi Kindi akaruka mbele ya watu akapaza sauti:

"Klabu hii ya naniii?"

Dubu akanyanyua mikono. "Yenu!"

Watu wakalipuka. "Du-bu! Du-bu! Du-bu!" Kere-kere-kere.

"Hatujasikia! Klabu na uwanja, na vyote vilivyomo, vya naniii?"

"Vyenu!"

"Du-bu! Du-bu! Du-bu!" Kere-kere-kere. Mti ukalia, kaaa.

Sasa Mbweha alikuwa anaijua sheria. Akamvuta Dubu manyoya. "Mzee, mara mbili zinatosha."

"Niache wewe!"

"Mzee, nakuomba, shuka, unywe maji."

"Niache! Husikii ninavyopendwa?"

Bi Kindi akavuta pumzi yake yote, ile ndogo ya kindi. "Kwa mara ya mwishooo! Vya naniii?"

Dubu akakinyakua kipaza sauti kwa mikono miwili, akanguruma mpaka ng'ambo ya mto, "NI VYENUUU!"

Mzee Bundi akafumbua macho. Yale macho, jamani.

"Huu," akasema. "Mara tatu. Nimesikia."

Hata ngoma ilinyamaza. Biva akatoa meno kwenye mti, akauliza, maana fundi ni fundi, hana ugomvi na mtu, "Samahani, sasa mwenye mti ni nani? Niendelee au nisiendelee?"

"Sisi wenyewe," akasema Bi Kindi. "Usiendelee, baba. Ahsante kwa kazi."

Dubu akang'aka. "Ebo! Nani wenyewe? Mwenyewe ni mimi! Yale yalikuwa maneno ya uzinduzi! Ni msemo tu! Kila mwenye klabu husema hivyo!"

"Huu," akasema Bundi. "Kwa hiyo ulikuwa unawadanganya hawa wote, mchana kweupe, mbele yangu?"

Dubu akawatazama watu. Watu wakamtazama Dubu. Nungunungu akasimamisha miiba, mmoja mmoja, taratibu. Dubu akajikuna kichwa, akajikuna tumbo. Akisema alidanganya, ni mwongo. Akisema hakudanganya, hana klabu.

"Sikudanganya," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ni yao. Kesi imekwisha. Skafu hii narudi nayo, ni nzuri kwa baridi."

Vigelegele hivyo! Kila mtu akabeba kapu lake akarudi nalo kwake. Mwaloni ulibaki na kovu shinani, lakini ulisimama, na kokwa zote zilikuwa mle ndani. Bi Kindi akapanda juu, akawakumbatia watoto wake watano, akawahesabu, akarudia kuwahesabu. Kesho yake klabu ikapata wachezaji, maana walikuwepo siku zote, na mpira ule ule wa majani. Bi Kindi wakamchagua mwenyekiti. Nani mwingine?

Wiki ya pili ikachezwa mechi ya kwanza. Dubu akaja langoni, ameinamisha kichwa, anataka kuingia.

"Kiingilio, Bwana Dubu," akasema Bi Kindi.

"Mimi? Mwanzilishi?"

"Klabu hii ni yenu, Bwana Dubu. Karibu sana, jisikie uko kwenu. Kapu moja la samaki."

Akatoa. Angefanyaje? Akaenda kukaa nyuma kabisa. Kabla ya mapumziko theluji ikaanza kudondoka, naye akalala papo hapo, khorrr. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Aliamka masika akauliza, "Ngapi ngapi?"

Lakini aliyeona jambo siku ile ya mechi ni Nungunungu. Alikuwa amepewa skafu mpya langoni, akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Bi Kindi," akasema, "mbona hii skafu ina uso wako?"

"Tuliwasikiliza," akasema Bi Kindi.

Na kwenye kiti cha mbele Mzee Bundi akafumbua jicho moja.

Haya, funzo. Mlidhani mtaondoka bila funzo? Funzo la hadithi hii ni kwamba wakubwa husema kweli siku zote. Dubu alisema klabu ni yao, na ikawa yao. Kwa hiyo mkimwona tajiri ameshika kipaza sauti anawaambia kitu ni chenu, mwaminini, mpigieni makofi, kisha mrudi nyumbani mkalale. Msimuulize mpira uko wapi. Kuuliza ni utovu wa adabu.

Na mimi nimefika mwisho, ulimi umechoka. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie sukari. Ikiwa tamu, hadithi hii ni yenu.

Nimesema mara moja tu. Wewe hapo nyuma, acha kuhesabu.