Malengelenge ya Idd Nne

Kukamia ni kulitaka jambo kwa pupa na kulivamia kwa nguvu hata pale lisipodai nguvu. Mwenye tabia hiyo akipewa kata ya maji huikwapua, huibana, huipeleka kinywani kwa fujo. Maji yakammwagikia kifuani na kiu ikabaki palepale. Ndiyo maana wahenga wakasema, mkamia maji hayanywi. Mwantum aliyajua maneno hayo tangu akiwa darasa la tatu, na aliyaandika kwa mwandiko wa kupendeza. Maana yake alikuja kuisoma baadaye, kwenye viganja vyake mwenyewe.

Ilikuwa Idd Kubwa yake ya mwisho Mbwera. Alikuwa na miaka kumi na saba, na baba yake alikuwa amepata kazi ya kudumu Kibiti. Sikukuu ikiisha tu, nyumba nzima ingehama. Hata leo, miaka tisa baadaye, kila akisikia takbira kwenye vipaza sauti vya Kibiti, puani humjia harufu ya tope la mikoko, na moyo wake hurudi kwenye hori, ule mkono wa bahari uliopita kijijini.

Ah, Idd za Mbwera! Zilikuwa siku nne kamili, wala hakuna aliyethubutu kuzipunguza. Kila siku maji yalipojaa hori, vijana waliteremsha mbao zao za tanga. Ubao wenyewe ulikuwa wa msufi, mwepesi, wa kusimamia mtu mmoja. Juu yake palisimama mlingoti, tanga lililoshonwa kwa viroba vya mchele, na mti wa kushikia. Mshindani aliushika mti huo kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, upepo ukamchukua. Walianza wanane, kila siku wawili wa mwisho walitolewa, hata Idd Nne wakabaki wawili tu. Aliyeshinda siku hiyo, jina lake lilichongwa kwenye nguzo ya gati.

Jina hilo ndilo Mwantum alilolitaka. Aliogopa kwamba mashua ikishawachukua, Mbwera itamsahau kama inavyosahau nyayo maji yakijaa. Jina likikaa nguzoni, angekuwa amehama nusu tu.

Idd Mosi alimkuta Safina, binti wa mama yake mdogo, akifunga kamba kutoka kwenye mti wa kushikia hadi kiunoni. Mti wenyewe alikuwa ameuviringishia tyubu kuukuu ya baiskeli, na kucha zake amezikata hadi mwisho.

“We Safina! Mbona umejifunga kama mbuzi anayesubiri kisu?” Mwantum alimcheka, na vijana wengine wakacheka pamoja naye.

“Mbuzi hufungwa, dada. Mimi nimejifunga mwenyewe,” Safina alijibu huku akikausha viganja kwa kitambaa. “Upepo uvute kiuno, mikono niiweke akiba. Siku ni nne hizi.”

“Mimi nitawamaliza leo leo.”

Na kweli, siku hiyo aliwaacha wenzake kama waliotia nanga. Mjomba Fikirini, fundi aliyezichonga mbao zote na mwenye ulimi mkali kuliko patasi yake, alimpigia kelele kutoka gatini: “Mwantum! Huo mti umekuibia kuku? Mbona unaukaba koo? Ulegeze, haukimbii!” Watu wakaangua kicheko. Mwantum akazidi kuubana. Safina alimaliza wa nne, akicheka, akifungua vidole vya mkono mmoja kila upepo ulipopungua, kisha vya mkono wa pili.

Mchana huo, Mwantum alipotia mkono kwenye sinia la pilau, moto wa wali ulimchoma hadi machozi yakamlenga. Chini ya hina ya sikukuu, viganja vilikuwa vyekundu.

“Hebu nione,” mama yake alisema.

“Hamna kitu, mama.”

“Kama hamna kitu, mbona unakula kwa ncha za vidole kama bibi harusi? Kesho maliza hata wa tatu, mwanangu. Wa tatu hatolewi.”

“Wa tatu ni wa tatu,” alijibu.

Idd Pili alijipaka mafuta ya nazi viganjani kabla ya kuingia majini, akidhani anailinda ngozi. Mti ukateleza kama kambare. Ili usimponyoke, akaubana maradufu. Alishinda tena, lakini malengelenge yalikuwa yametumbuka na hina imebanduka pamoja na ngozi. Idd Tatu alijifunga vitambaa, dawa iliyochelewa. Vililowa chumvi, vikamkwaruza kama msasa. Aliponea chupuchupu, akawa wa pili nyuma ya Safina.

Asubuhi ya Idd Nne Safina alimletea kamba nyingine na kipande cha tyubu.

“Ifunge, dada. Tushindane wazima wote wawili.”

Mwantum aliitazama kamba ile kwa hamu. Kisha kiburi kikampanda. “Unataka niandikwe nguzoni kwa kamba yako? Kaa nayo.”

Safina aliikunja kamba, akaenda zake.

Mbwera nzima ilikuwa gatini. Mwantum alitangulia, akatangulia zaidi, na kwenye kona ya mikoko, ambako upepo hukazana, tanga lilivuta kwa nguvu. Aliviamuru vidole vikaze. Vikafunguka vyenyewe. Tanga likaanguka majini kwa kishindo, naye nyuma yake. Alipanda ubaoni, akaujaribu mti mara moja, mara mbili. Mikono haikufumba tena.

Safina alimpita akiwa ameegemea kamba yake, vidole vimelegea kama vya mtu anayesokota ukindu. “Inuka, dada! Inuka, bado hatujamaliza!” alipiga kelele, na sauti yake haikuwa na kebehi hata chembe.

Hakuinuka kwa wakati.

Jioni, Fikirini alipoweka patasi kwenye nguzo, Safina alimshika mkono. “Mjomba, chonga mawili. Dada anahama kesho.”

Mwantum alilitamani jina lake nguzoni kuliko kitu chochote alichowahi kukitamani.

“Hapana, mjomba. Chonga la mshindi.”

Patasi ikaanza kugonga. Herufi moja, ya pili, ya tatu, hadi jina la Safina likakaa. Mwantum alisimama hadi mwisho, viganja wazi, vikipigwa na upepo uleule alioukaba kwa siku nne. Wenzake waliomcheka Safina kwa kamba yake walikuwa wakimbeba mabegani. Naye, aliyeukamata ushindi kwa mikono miwili tangu siku ya kwanza, hakubaki na hata herufi moja Mbwera. Mkamia maji hayanywi.