Bega la Kushoto

Wapendwa, leo nitasema taratibu, nanyi mnisikilize taratibu.

Fikirini tabibu mmoja wa kituo cha afya, katika mji mdogo wa baridi uliozungukwa na mashamba ya chai. Hakuwa daktari mkubwa, lakini watu walimwita dokta. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Kila mwaka, wiki ya maombi ilipofika, alisimama mbele na wazee wenzake, wakawawekea mikono wagonjwa waliojipanga mstari hadi nje ya mlango. Na alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda hawakumnyima: hakuandika uongo. Mwalimu mmoja aliwahi kumwomba cheti cha ugonjwa ili apate nafasi ya kwenda harusini. Tabibu akamwambia, "Mwalimu, mimi naandika ninachokiona. Harusi sijaiona."

Asubuhi moja akaingia mama mmoja, mchuma chai, amejitanda kanga juu ya sweta. Akaweka mezani madaftari matatu. Mnayajua madaftari yetu ya hospitali, yale ya shule ambayo mgonjwa hununua dukani na kila anayemtibu huandika humo. Wengi wetu daftari moja hutufikisha miaka mingi, tena jingine huliwa na panya kabla halijajaa. Huyu mama alikuwa amejaza matatu kwa miaka miwili.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Kila mahali, dokta."

"Kila mahali ni wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Mama akainua kidole. Akagusa shingo, akagusa bega la kushoto, kiuno, nyonga, goti. Kisha kidole kikasimama hewani, akakitazama kana kwamba si chake.

"Na hiki pia," akasema.

Tabibu akafungua madaftari. Malaria, hakuna. Taifodi, hakuna. Damu, nzuri. Baridi yabisi, hakuna. Picha ya mgongo, safi. Mahali pawili akakuta mwandiko wake mwenyewe: *Hana ugonjwa.*

Nesi akaja na mashine ya presha. Mkanda ulipojaa upepo, mama akauma midomo, machozi yakamtoka.

"Ee mama, huo ni mkanda tu, si chatu!" nesi akasema, akacheka. Presha ilikuwa ya kawaida.

Mume wake alikuwa amesimama mlangoni. "Dokta, mimi nimechoka," akasema. "Huyu anaumwa kila kiungo isipokuwa ulimi. Leo niandikie jambo moja tu. Kama ni mgonjwa, nijue nauguza. Kama ni mzima, kesho namrudisha kwao, akawadanganye waliomzaa." Akatoka, akaketi kwenye benchi la nje.

Tabibu akamgeukia mama. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi mwenyewe sijui, dokta. Siku nyingine naona labda kweli nadanganya. Ila sijui namdanganya nani, maana hata nikiwa peke yangu shambani naumwa."

Je, ninyi mngeandika nini? Akiandika *mgonjwa*, ni ugonjwa gani, na aliuona wapi? Huo si uongo uleule aliomnyima mwalimu? Na akiandika *mzima*, yale machozi ya mkanda wa presha yametoka wapi? Kalamu ilikuwa mkononi na wino ulikuwamo. Aliandika tarehe, akashindwa kuendelea.

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akampigia simu daktari wa hospitali ya wilaya, mama mtu mzima aliyemfundisha chuoni.

"Shikamoo, daktari. Nina vipimo hapa, vyote ni safi, lakini sielewi."

"Marahaba. Sasa umenipigia habari za vipimo au habari za mtu?"

Tabibu akageuka, akautazama mlango aliotokea.

"Umemuuliza anaamkaje?" akaendelea yule daktari.

"Anaamkaje, kivipi?"

"Kuna mtu hulala usiku kucha akaamka kama aliyekesha akibeba mawe. Hilo huwezi kulikuta kwenye damu. Muulize. Muulize kama anasahausahau, kama anashindwa hata kufuata mazungumzo. Muulize maumivu yamedumu miezi mingapi, na kama ni kulia na kushoto, juu ya kiuno na chini yake. Kisha mguse. Ila mwombe ruhusa kwanza."

"Nikishamuuliza?"

"Upo ugonjwa unaitwa fibromialjia. Hauna kipimo cha maabara. Hivyo vipimo vyako havikupotea bure, vimeyatoa magonjwa mengine njiani. Huu unajulikana kwa kumsikiliza mgonjwa. Mishipa yake ya fahamu inapiga kelele kubwa kuliko anavyoguswa. Hauozeshi viungo, lakini maumivu ni ya kweli. Usimrundikie vidonge vya maumivu. Mweleze yeye, umweleze na mume wake. Atembee kidogokidogo kila siku, na siku akijisikia vizuri asijimalize. Mtengeneze usingizi wake. Ipo dawa ya usiku inayosaidia baadhi yao, tutaanza na kiasi kidogo. Halafu arudi."

"Atapona?"

"Sikuahidi hivyo, wala wewe usimwahidi. Nimesema arudi."

Tabibu akarejea chumbani akiwa bado hajaelewa vizuri. Akauliza kama alivyoelekezwa, na mama akajibu, kwanza kwa neno mojamoja, kisha kama bomba lililozibuliwa. Alisahau chumvi, akasahau jina la mtoto wa dada yake. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Maumivu yalikuwa na miaka miwili na miezi minne.

"Naomba nikuguse bega," tabibu akasema.

Mama akautazama ule mkono. "Gusa."

Akaweka mkono polepole kwenye bega la kushoto, akabonyeza kwa kidole gumba. Mama akapiga ukelele mmoja, mfupi.

Tabibu akautoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto. Maana ukelele ule alikuwa ameshausikia.

Ilikuwa wiki ya maombi, mwaka uliopita. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na chini ya kiganja chake palikuwa na bega la mwanamke aliyejifunika kanga. Yule mwanamke akapiga ukelele. Mzee mmoja akasema, "Pepo linatoka!" Na tabibu, kwa imani yake yote na nguvu zake zote, akabonyeza zaidi. Mwanamke akapiga ukelele tena, nao wakabonyeza tena, kanisa zima likishangilia, hadi akanyamaza. Wakamshukuru Mungu kwamba amefunguliwa. Kisha wakamwita anayefuata.

"Mama," akasema, "ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi, mzee." Hakumwita dokta.

"Lakini ulinyamaza. Tukajua umepona."

"Nilinyamaza ili mniachie."

Tabibu akachukua kalamu. Akaandika jina la ugonjwa, akaandika siku ya kurudi, na chini yake akaandika: *Ni mgonjwa. Nimemwona.* Akamwita mume ndani, akamsomea, akamweleza yote aliyoelezwa kwenye simu. Mume akalichukua daftari akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. Akayakusanya yote matatu, akayaweka kwapani. Akamsogelea mke wake ili amwinue kitini, kisha akasita, mikono ikabaki hewani.

"Dokta, nimshike wapi?"

"Muulize mwenyewe."

Ndugu zangu, ukelele ulikuwa uleule. Bega lilikuwa lilelile, na mkono ulikuwa uleule. Kituoni yule mtu alisikia mgonjwa. Kanisani, akiwa katikati yetu, alisikia pepo. Kwa nini? Mimi nimelifikiria jambo hili kwa miezi kadhaa na sijalimaliza. Sisemi tuache kuomba. Mungu anasikia, na mikono hii ametupa yeye. Lakini sisi tumeshangilia mara ngapi kunyamaza kwa mtu? Ni wangapi humu ndani walisema "nimepona" kwa sababu tulikuwa tunawaumiza? Na ni wangapi tumewaambia hawana imani, kwa kuwa maumivu yao hatukuyaona kwa macho, sisi ambao kila Jumapili tunasema tunamwamini tusiyemwona?

Baada ya wimbo, wagonjwa watakuja mbele kama kawaida. Wazee, leo msifumbe macho. Muulizeni kila mmoja kabla ya kumgusa, na mngoje ajibu, hata akichelewa.

Nyumbani mwangu nilikuwa na mwenzangu wa ndoa wa kumuuliza hivyo, kwa miaka ishirini na sita. Mlinisaidia kumzika mwezi wa sita. Alikuwa mtu mnyamavu, nanyi nyote mlimsifu kwa hilo, na mimi pia nilimsifu. Sasa najiuliza alikuwa ananyamaza kwa nini, wala hakuna wa kunijibu.

Waje mbele. Taratibu.