Watoto wa Mchoraji Tuckwell

Mvua ya Oktoba mwaka 2015 ilikuwa ikinyunyiza Louisville, ile mvua nyembamba isiyolowesha wala kukoma, Editha alipoipandisha picha ya kwanza katika lori. Editha alikuwa Mtanzania, mzaliwa wa Bukoba, aliyekuja Marekani kusomea historia ya sanaa na hatimaye akapata kazi katika jumba la makumbusho la Columbus. Safari hii alitumwa kukusanya picha tatu za mchoraji mmoja na kuzifikisha Buffalo, ambako maonyesho yangefunguliwa Jumamosi.

Mchoraji huyo aliitwa Ambrose Tuckwell. Alizaliwa katika mji mdogo wa Uingereza enzi za Malkia Viktoria, akachora makasisi na wenye viwanda wa mkoani kwao, na London haikupata kumjua. Akahamia Louisville na mkewe na binti yao wa pekee, Hester. Mwaka 1868 homa ilimchukua Hester akiwa na miaka minne, na mama yake akamfuata kabla mwezi haujaandama. Tuckwell alimzika binti yake Jumamosi, na Jumatatu akashika brashi. Tangu siku hiyo alifanya kazi ya aina moja tu: kuwachorea wazazi watoto wao waliokufa. Mama aliyefiwa alimketisha sebuleni, akamsimulia nywele za marehemu, macho yake na tabasamu lake, naye Tuckwell akachora kwa kufuata maneno hayo. Kwa kazi hiyo alihama Louisville akaenda Columbus, na kutoka Columbus akaenda Buffalo, alikofia.

Waliomjua waliandika kwamba alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, mcheshi mezani, na hakupata kumtaja binti yake. Editha alikuwa amezisoma barua zao zote. Katika kijitabu cha maonyesho aliandika bila kusita: "Tuckwell aliponywa na kazi yake."

Dereva wa lori alikuwa Nyarugabo, Mnyamulenge wa Uvira, mtu wa makamo aliyesafirisha vitu vya thamani kwa niaba ya kampuni moja ya Louisville. Kicheko hakikuwa mbali na midomo yake. Katika safari yao ya awali alimwambia Editha kwamba walipokuwa wakikimbia vita alimpoteza binti yake, Kabanyana. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesimulia mzigo uliosahaulika kituoni, kisha akamuuliza kama angependa chai. Editha alistaajabia moyo ule wa jiwe. Ndipo akamwomba asimame siku ya ufunguzi, awaeleze wageni jinsi mtu anavyopona msiba. Nyarugabo, ambaye hakuzoea kumnyima mtu ombi lake, alikubali.

Picha ya Louisville ilikuwa ya msichana wa miaka mitano hivi, mwenye gauni la buluu. Shingo yake ilikuwa imegeuka kidogo na midomo imeachana. Nyarugabo alisita na kamba mikononi.

"Iko kama mutu ameitwa," alisema. "Ameitwa, anataka kuitika."

Editha alicheka. Nyarugabo, kwa mara ya kwanza, hakucheka.

Columbus waliikuta picha ya pili katika chumba cha chini cha wakili mmoja, imefunikwa shuka. Wakili aliwaeleza kwamba wazee wake waliagiza sura ya mtoto wao wa kiume aliyekufa akiwa bado ananyonya, lakini Tuckwell aliwaletea msichana wa miaka kumi na miwili. Hawakuitundika hata siku moja. Editha alidhani mchoraji alichanganya kazi za wateja wawili. Aliivua shuka, na chumba kikawa baridi kama kisima. Shingo ilikuwa imegeuka vilevile. Midomo ilikuwa imeachana zaidi.

Walipokuwa wakielekea Buffalo, Nyarugabo alizima redio mara mbili, akatega sikio.

"Umesikia nini, mzee wangu?" Editha aliuliza.

"Bon, hapana kitu." Baada ya maili nyingi akauliza, "Ile picha ya Louisville ni ya mwaka gani?"

"1869."

"Na ya Columbus?"

"1876."

Midomo ya Nyarugabo ikawa inacheza bila sauti, kama ya mtoto anayefanya hesabu.

Picha ya tatu ilikuwa Riverside, mtaa wa Buffalo, katika nyumba ndogo ya mbao inayotazama mto Niagara. Mwenyewe, ajuza wa miaka themanini na ushei, aliwakaribisha adhuhuri, mto ukiwa umepiga rangi ya risasi dirishani. Picha ilitundikwa sebuleni, lakini uso wake ulielekezwa ukutani.

"Dada yake bibi yangu alikufa na miaka sita," ajuza alieleza. "Mama yao alimngoja Tuckwell amrudishie uso wa mwanawe. Alipokawia, watu walikwenda kwake wakamkuta amekufa mbele ya picha hii, Februari 1889. Mama yangu alitukataza kuigeuza. Alisema yule wa ndani anakaribia kusema."

Akaigeuza. Alikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na zaidi, shingo imegeuka, midomo wazi kabisa. Mikononi alipakata mtoto mchanga, na pale palipotakiwa pawe na uso wa mtoto palikuwa na turubai tupu.

Bila kuagizwa, Nyarugabo alitoka nje, akazileta picha mbili za lorini, akazisimamisha kando ya ile ya tatu. Editha alizikagua moja moja. Nyusi zilikuwa zilezile, kidevu kilekile, na juu ya jicho la kushoto kulikuwa na alama ileile ndogo kama punje ya mtama.

"Familia tatu mbalimbali," alinong'ona. "Wamefanana vipi?"

"Ni mutoto moja," alijibu Nyarugabo. "Iko anakomea."

"Anakua?"

"Ndiyo. Miaka tano, kumi na mbili, makumi mbili na tano. Baba yake anamulea. Hakuachaka kumulea."

Editha akakumbuka mwaka aliozaliwa Hester, akajumlisha, na jumla haikumwacha na shaka. Miaka ishirini akina mama walimsimulia Tuckwell watoto wao, naye alikuwa akimsikia mmoja tu. Hata mjukuu alikuwa ameanza kumpata.

"Wewe umejuaje?" aliuliza.

Nyarugabo aliketi.

"Kabanyana alikuwa na miaka ine. Nilimuzika pembeni ya njia, hata jiwe sikuweka, batu walikuwa wanakimbia. Donc, kila mwaka, mwezi wa nane, batoto wakirudia masomo, ninaendaka kumununulia viatu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nilinunuaka kambini. Kila mwaka ninaongeza kipimo kidogo. Ya mwaka huu ni ya mutoto wa miaka kumi na tano."

"Viko wapi?"

"Kwa kabati. Bibi yangu, mama yake, anazani ninazitumaka Uvira." Akaitazama picha ya tatu. "Mwaka jana nilifungua kabati, nikakuta ya mwaka juzi kisigino yake imelika. Hakuna mutu alizivaa, dada Editha. Sikuuliza mutu."

Ajuza alijitanda shali. Editha alikumbuka hotuba aliyomwomba mtu huyu aitoe mbele ya halaiki, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilikuona unacheka."

"Hata huyu baba alichekaka."

Editha alimwomba ajuza simu yake ya ukutani, akamkabidhi Nyarugabo mkonga. Nyarugabo alibonyeza namba za Louisville polepole, akamweleza mkewe habari za viatu kwa Kinyamulenge. Alipomaliza, alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha machozi yakamtoka, machozi ambayo Editha hakuwahi kudhani yamo ndani yake.

"Anasema anajua," alisema, mkonga ukiwa bado sikioni. "Anasema kila juma anazipangusaka vumbi, na yeye pia alikuwa anaogopa kuniuliza."

Vijitabu vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa. Editha alishinda siku nzima ya Ijumaa akiifuta kwa wino mweusi ile sentensi yake, nakala baada ya nakala, mia tatu zote, na juu ya kila picha akabandika jina la Hester Tuckwell. Jumamosi hapakuwa na hotuba. Nyarugabo na mkewe, aliyefika asubuhi hiyo kwa basi, walisimama mbele ya mwanamke yule mwenye midomo wazi, wameshikana mikono, na wageni walipowapita walishusha sauti bila kujua sababu. Editha aliwatazama kwa mbali, akayakubali moyoni maneno ambayo wahenga waliyasema kabla yake na kabla ya Tuckwell: mwenye kovu usidhani kapoa.